Ufunguo wa Nyumba Zetu Uko kwa Nani?

Alhamisi moja ya mwezi uliopita ofisi ya tawi letu ilifunguliwa asubuhi kama kawaida. Katibu aliketi mezani kutuma majina ya wajumbe wa mkutano, kazi ambayo mwisho wake ulikuwa siku ile ile. Hakuweza. Ruta, kile kisanduku cha intaneti kilichotundikwa ukutani, ilikuwa ikiwaka taa zake kama siku zote, lakini waifai yetu haikuonekana. Mahali pake palikuwa na jina geni la herufi na tarakimu, na neno letu la siri lilikataliwa. Tulidhani tumeibiwa.

Kumbe majirani nao walikuwa katika mashaka yale yale. Mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, ambaye laini yake ni ya kampuni ile ile, alikuwa na vijana watatu mbele ya meza yake. Mmoja wao alikuja kutuma maombi ya kazi ambayo mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa kumi alasiri. Vyeti vyake vilikuwa vimekwisha kuingizwa katika kompyuta ya duka, na simu yake ni ya vitufe. Tulipiga simu kwa kampuni mara nyingi, tukangoja sana, mwisho karani akatujibu kwa upole: "Usiku tulisasisha programu ya ruta. Zimerudi kama zilivyotoka kiwandani. Someni karatasi iliyobandikwa chini yake." Karatasi yetu ilikwisha kufutika zamani. Fundi alifika saa kumi na moja. Yule kijana alikuwa amekwenda zake.

Hatuandiki haya kwa ajili ya kuiaibisha kampuni hiyo, na ndiyo maana hatuitaji. Twaandika kwa sababu jambo lililotupata sisi huwapata watu wengi, nao hunyamaza wakidhani ni mkosi, au ni umeme, au ni ujinga wao wenyewe. Si mkosi wala si ujinga. Ni kazi iliyofanywa na watu, kwa saa waliyoichagua wao, ndani ya nyumba zetu, nasi hatukuambiwa neno.

Yafaa kwanza tufahamiane vizuri ruta ni kitu gani. Ndani yake mna programu, yaani maagizo yanayoiongoza jinsi ya kupokea intaneti, kuigawa kwa simu na kompyuta za nyumbani, na kuwazuia wageni wasiingie. Programu hiyo iliandikwa na wanadamu, na wanadamu hukosea. Kila kosa ni ufa, na wezi wa mitandao kazi yao ni kutafuta nyufa. Kwa hiyo waliotengeneza ruta huandika programu mpya iliyozibwa nyufa zilizogunduliwa, na ile ya zamani huondolewa. Hiyo ndiyo maana ya kusasisha.

Kazi hiyo haihitaji fundi mwenye ngazi na bisibisi. Tangu mwaka 2004 zimekuwapo kanuni ziitwazo TR-069, nazo hutumiwa na makampuni mengi ya intaneti duniani. Kwa kanuni hizo ruta ya nyumbani huzungumza na mtambo mkuu wa kampuni. Mtambo huo huweza kuiuliza hali yake, kubadili mipangilio yake, kuiwekea programu mpya, na kuiamuru ijizime na kuwaka tena. Yote haya huweza kufanyika saa nane usiku, mwenye nyumba amelala. Basi kila nyumba iliyounganishwa kwa njia hii ina ufunguo wa pili, nao haukai kwa mwenye nyumba.

Wako watakaosema: kama ni hivyo, ufunguo huo na unyang'anywe, kila mtu asasishe ruta yake mwenyewe. Sisi hatukubali. Twajua hali ilivyo. Katika nyumba mia, ni ngapi ambazo mwenyewe amepata hata siku moja kufungua ukurasa wa mipangilio ya ruta yake? Tukiachiwa kazi hiyo peke yetu, ruta nyingi zitabaki na nyufa zake mpaka zife. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ukuta huanguka juu ya watu wengi kwa mara moja. Tuutazame mfano wa Ujerumani.

Jumapili tarehe 27 Novemba 2016 wateja wapatao 900,000 wa kampuni ya Deutsche Telekom walianza kupoteza huduma. Intaneti ilikatika, simu za mezani zikanyamaza, na televisheni zilizopitia laini hiyo hiyo zikazimika. Sababu yake ilikuwa nini? Kulikuwa na programu mbovu ya jamii iitwayo Mirai, iliyokuwa ikizunguka duniani ikiteka vyombo dhaifu na kuvifanya askari wa mashambulizi. Siku ile ilikuwa ikibisha mlango namba 7547, ambao ni mlango wa matengenezo, ule ule unaotumiwa na makampuni kuzitunza ruta kwa mbali. Katika ruta hizo za Kijerumani mlango huo uliweza kubishwa na mtu yeyote kutoka popote duniani. Ruta hazikutekwa, lakini zilielemewa na kule kubishwa, zikakwama.

Na dawa ilikuwa nini? Dawa ilikuwa programu mpya. Kampuni ilishirikiana na waliotengeneza ruta, ikatoa programu iliyorekebishwa, ikawatangazia wateja wachomoe ruta katika umeme, wangoje kidogo, kisha waichomeke tena ili iipokee. Watu wengi walirudishiwa huduma katika muda wa siku chache. Tazama basi jambo hili: mlango ulioachwa wazi ndio ulioleta maradhi, na matengenezo ya mbali ndiyo yaliyoleta dawa. Anayeulaani ufunguo wote na autazame mfano huu, na anayeusifu wote na autazame vile vile.

Mfano huo una mkia unaotuhusu sisi Waafrika. Mwaka 2017 Mwingereza mmoja alihukumiwa huko Cologne kwa kosa hilo. Yeye mwenyewe alikiri ya kwamba shabaha yake haikuwa Wajerumani. Alikuwa akikusanya jeshi la vyombo vilivyotekwa ili aishambulie kampuni ya simu ya Liberia, naye alikuwa amelipwa kwa kazi hiyo ili kampuni nyingine ya huko huko ipate faida. Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga miaka miwili na miezi minane kwa mashambulizi yale ya Liberia. Fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyika, na safari hii nyika ilikuwa wananchi wa Liberia waliokatikiwa mawasiliano, pamoja na wazee wa Ujerumani waliokuwa wakiinua simu na kukuta kimya. Ruta iliyooza katika nyumba moja yaweza kuwa bunduki dhidi ya nchi nyingine. Ndiyo sababu twasema kusasisha ni wajibu wala si anasa.

Lakini mkono unaoweza kuponya waweza pia kuua. Oktoba 2023, katika muda wa saa 72, ruta zaidi ya 600,000 za kampuni moja ya intaneti ya Marekani ziliharibika zisiamke tena. Habari hizo zilichapishwa Mei 2024 na Black Lotus Labs, kitengo cha uchunguzi cha kampuni ya Lumen. Wachunguzi hao walieleza ya kwamba ruta zilikuwa zimeingiwa na programu mbovu, kisha zikawekewa kwa makusudi programu ya ndani iliyoziua. Hapakuwa na dawa ya kuzichomoa na kuzichomeka. Zilikuwa za kutupwa, na kila nyumba ikabidi ipelekewe nyingine. Sehemu kubwa ya waliopatwa walikuwa watu wa mashamba na vijiji, mahali ambapo kampuni nyingine ya kukimbilia ni shida kuipata. Ripoti ile ilikumbusha ya kwamba watu wa namna hiyo wanaweza kukosa njia ya kuita msaada wa dharura, wakulima wakapoteza habari za mashamba yao wakati wa mavuno, na waganga wakashindwa kuzifikia kumbukumbu za wagonjwa.

Hatuwaletei habari hizi ili tuwatie hofu. Twataka kila mwanachama apime ukubwa wa mamlaka tunayoyasema. Anayeweza kubadili programu ya ruta laki sita kwa siku tatu ana uwezo mkubwa. Serikali haiwezi kubomoa ukuta wa nyumba ya mtu bila taarifa. Mwenye nyumba wa kupanga haruhusiwi kuingia chumbani kwa mpangaji usiku akahamisha kitanda, hata kama paa lilikuwa likivuja na nia yake ilikuwa njema. Kwa nini basi kampuni ya intaneti iweze, na asubuhi yake itutake tusome karatasi iliyo chini ya kisanduku?

Hapa kwetu shida hii ina sura zake. Ya kwanza ni umeme. Ruta inapoandikiwa programu mpya haitakiwi kuzimwa hata kidogo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ruta isiyo na programu ya akiba ndani yake yaweza kufa pale pale. Nani kati yetu hajapata kukatikiwa umeme usiku? Tena wako watu wenye hekima ya kubana matumizi ambao huchomoa kila kitu ukutani kabla ya kulala. Watu hao hawafanyi kosa lolote. Hawakuambiwa tu ya kwamba usiku huo ruta yao inatibiwa.

Sura ya pili ni riziki. Leo intaneti ya laini haiko kwa matajiri peke yao. Iko katika zahanati, katika shule, katika duka la kuchapa, kwa fundi anayepokea michoro ya wateja wake, na kwa mama anayeuza batiki kwa watu wa nchi za mbali. Saa tatu za kungoja fundi kwa mtu wa mshahara ni usumbufu. Kwa mtu wa kazi ya siku ni chakula cha jioni.

Sura ya tatu ni lugha. Pale kampuni inapotoa maelezo, mara nyingi huyatoa kwa Kiingereza cha mafundi ambacho hata mwalimu wa Kiingereza hukikuna kichwa. Tunalipa kwa shilingi zetu, twadaiwa kwa Kiswahili kizuri sana, lakini tukitaka kujua kilichofanywa ndani ya nyumba zetu twahitaji mkalimani. Jambo hili halifai. Kampuni inayojua Kiswahili cha kudai na ijifunze Kiswahili cha kueleza.

Makampuni yana majibu yake, na haki yatutaka tuyasikilize. Husema kwamba ufa mkubwa ukigunduliwa leo hakuna nafasi ya kutangaza, maana kutangaza ni kuwapa wezi habari. Neno hilo lina kweli ndani yake. Siku ya moto hatumngoji mwenye nyumba avae viatu. Na iwe hivyo siku ya moto. Lakini moto ukizimwa, asubuhi ile ile mwenye nyumba na aambiwe: tuliingia, sababu ni hii, tulibadili hiki na hiki. Na siku ambazo hakuna moto, ambazo ndizo nyingi, nafasi ya kutoa taarifa ipo.

Husema tena kwamba taarifa kwa kila mteja ni gharama. Hapo ndugu zetu hawa watusamehe, maana hatuwezi kuwaamini. Ankara inapokaribia twapata ujumbe wa kutukumbusha siku tatu kabla, na siku yenyewe, na siku ya pili yake. Siku ya kulipa hawatusahau hata mmoja wetu. Njia ile ile inayobeba madai inaweza kubeba taarifa.

Nchi nyingine zimekwisha kuanza kuliwekea sheria jambo hili. Ujerumani, tangu tarehe 1 Agosti 2016, mteja ana haki ya kuchagua ruta yake mwenyewe wala halazimishwi kutumia ya kampuni. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, vyombo vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti haviruhusiwi kuuzwa vikiwa na neno la siri moja la jumla linaloweza kukisiwa, na mtengenezaji hulazimika kumwambia mnunuzi muda ambao atakiendelea kukitunza chombo kwa masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria yake mwaka 2024, na majukumu yake makubwa yamewekewa tarehe 11 Desemba 2027. Hatusemi tuige kila kitu cha Ulaya. Twasema kwamba jambo linalowezekana kwa mwananchi wa kule halishindikani kwa mwananchi wa hapa, hasa ikiwa mara nyingi visanduku vyenyewe hutoka katika viwanda vile vile.

Hapa Tanzania tunayo Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Tunalo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji. Vyombo hivyo ni vyetu. Vyombo vya umma havilii vyenyewe kama saa ya ukutani, na mwananchi hana budi kuvigonga. Kwa hiyo twaweka hapa madai yetu, na twawaomba wanachama wayajadili katika matawi.

Kwanza, kampuni imwambie mteja kabla ya kusasisha ruta yake, kwa Kiswahili chepesi na kwa ujumbe wa simu: siku gani, saa ngapi, kazi itachukua muda gani, na kwamba asizime umeme. Ikiwa ni dharura, aambiwe mara tu kazi inapokwisha.

Pili, mipangilio ya mteja ihifadhiwe. Jina la waifai na neno lake la siri visifutwe kwa sababu ya uvivu wa mtu mwingine. Ikiwa hakuna njia ila vifutwe, aambiwe mapema ili aviandike.

Tatu, ruta ikiharibika kwa ajili ya kusasishwa, kampuni ilete nyingine bila malipo, na siku ambazo mteja alikosa huduma zisihesabiwe katika ankara.

Nne, mlango wa matengenezo ufungwe kwa dunia nzima isipokuwa kwa mtambo wa kampuni yenyewe. Wajerumani wamekwisha kulipa ada ya somo hili, hatuna haja ya kulipa mara ya pili.

Tano, siku mteja anapokabidhiwa ruta aambiwe itatunzwa mpaka mwaka gani. Muda huo ukiisha, ibadilishwe. Kumwachia mtu ruta isiyosasishwa tena, huku ukiendelea kupokea fedha zake kila mwezi, ni kumpangisha mtu nyumba yenye ufa na kuuficha ufa kwa chokaa.

Hayo ni ya makampuni na ya Mamlaka. Yapo na yetu, maana anayedai haki bila kutimiza wajibu wake huonekana mtoto. Kila tawi lenye ruta na liandike katika daftari aina ya ruta hiyo, jina la waifai, na mipangilio yake, na neno la siri liwekwe mahali pa salama. Neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe. Taa zikionekana kupepesa usiku bila sababu, ruta isichomolewe kwa hasira, bali ingojewe. Huduma ikikatika, andikeni tarehe, saa, na jibu mlilopewa. Kisha pelekeni malalamiko kwa maandishi kwa kampuni kwanza, na jibu lisipopatikana au lisiporidhisha, yapelekwe kwa Mamlaka.

Jambo hili la maandishi twalisisitiza. Malalamiko ya mtu mmoja kwenye simu huishia sikioni mwa karani, na karani hana uwezo wa kubadili chochote. Barua arobaini zenye tarehe, kutoka katika mtaa mmoja, juu ya usiku mmoja, ni ushahidi. Makatibu wa matawi wazikusanye. Tawi letu limekwisha kuanza, na barua ya mwenye duka la kuchapa ndiyo ya kwanza katika jalada.

Kuhusu yule kijana, tulimtafuta wiki ile ile. Alituambia hakukasirika, kwa sababu hakujua kama kulikuwa na mtu wa kukasirikiwa. Alidhani intaneti "imegoma" tu, kama mvua inavyogoma kunyesha. Neno hilo lilituuma kuliko jambo lenyewe. Mvua haina anwani. Lakini lile lililomkosesha nafasi yake lilifanywa na watu wenye ofisi, wenye simu, na wenye kitabu cha kupokelea malipo yake. Watu hao wanaweza kuulizwa, na sisi tumeanza kuwauliza.